Mkuu, hizo ndoo za zege zisipande botini

Mleta uzi, sina salamu ndefu leo. Umeandika kwamba Jumamosi wewe na mdogo wako mtapakia ndoo tatu za zege zilizochomekwa mianzi kwenye boti ya mita tatu na nusu, mpige makasia hadi katikati ya ziwa, halafu "tunazisukuma tu ubavuni" ziwe maficho ya samaki. Usifanye hivyo. Mimi nilifanya hivyo hivyo, boti ya ukubwa huo huo, tena na mdogo wangu vilevile, na nusura nirudi nyumbani peke yangu.

Ndoo ya lita 20 ikijaa zege inakaribia kilo 48. Ikiwa sakafuni katikati ya boti haikusumbui, na hapo ndipo inapokudanganya, kwa sababu mnafika salama kabisa na kujiona mmeshamaliza kazi. Balaa linaanza mnapoinyanyua. Mtu mmoja hawezi kuivusha ukingoni, kwa hiyo mtainama wawili, upande mmoja, na ndoo juu ya ukingo huo huo. Jumlisha watu wawili wazima na zege: ni kilo zaidi ya 150 zimeegemea ubavu mmoja wa kiboti chembamba, na zote ziko juu, si chini.

Kwetu ilikuwa hivi. Ndoo ya kwanza tuliikalisha ukingoni ili tupumue kidogo. Mianzi yenye urefu wa mita mbili ikapigwa na upepo, ikayumba kwenda nje, boti ikaifuata. Maji yakaanza kumwagika ndani kwa utepe mwembamba, kama mtu anayemimina chai. Nilidhani tutawahi kurudi nyuma. Lakini ndoo ya pili, ile iliyokuwa imetulia sakafuni, ikateleza kuja upande wetu. Nakumbuka ule mkwaruzo wa plastiki kwenye mbao kuliko kelele zangu mwenyewe. Ilipogonga ubavu, boti ikapinduka.

Na hilo si baya zaidi. Ndoo ya kwanza tulikuwa tumeifunga kamba ya kuishushia taratibu, na kamba iliyobaki ilikuwa imejikunja sakafuni miguuni petu. Ndoo ilipozama, koili moja ilimkaza mdogo wangu kwenye gambuti. Alikwenda chini nikimwona. Kina cha pale ni kama mita nne tu, lakini mita nne zinatosha. Kilichomwokoa ni kwamba gambuti lilikuwa kubwa kuliko mguu wake: mguu ukachomoka, gambuti likaenda na zege. Aliibuka akikohoa, mguu mmoja mtupu, akashika boti iliyopinduka. Majaketi ya kuokolea maisha tulikuwa nayo, mawili, mazuri. Tulikuwa tumeyakalia kama mito kwa sababu ubao wa boti ni mgumu. Nilipoyaona yakielea mbali nasi nililia, na siandiki hivi kuipamba hadithi.

Sasa unajua wazo hilo nililitoa wapi? Kwenye video, na kwa ulivyoandika wewe, nina hakika umeona video za namna hiyo hiyo. Jamaa amesimama, anasukuma ndoo kwa mguu, inazama, anatabasamu, anahamia nyingine. Nilipoirudia baada ya ajali ndipo nikatazama boti badala ya ndoo: ni pana, chini ni bapa kama meza, na ndoo zimepangwa kwenye sitaha iliyo sawa na ukingo, hakuna cha kunyanyua. Hilo hakulitaja hata kwa neno moja. Nilimwandikia nikimweleza yaliyotupata, akajibu kwamba "hatukujua kubalansi", kisha akafuta nilichoandika. Mimi nakasirika hadi leo. Mtu akijitwika kufundisha kazi ya majini, chombo anachokitumia ndicho cha kutaja kwanza, na akiambiwa kuna mtu nusura afe, asifute.

Kwa hiyo kanuni yangu ni moja: mzigo wa kuzama usipande botini. Utaelea nyuma yenu mpaka mahali pake.

Chukua madumu mawili ya lita 20, matupu, vifuniko vimekazwa. Zege ndani ya maji linapungukiwa na uzito wa maji lililoyasukuma, kwa hiyo ndoo yako ya kilo 48 inabaki na kama 28 za kubebwa, na madumu mawili yanabeba zaidi ya 35 bila shida. Zungusha ndoo kutoka ufukoni hadi maji ya kiunoni, na madumu myafungie humo humo majini. Yafunge madumu pamoja. Kamba ya kubebea ndoo itoke kwenye madumu, ipite ndani ya kitanzi kilichozikwa kwenye zege, irudi juu kwenye madumu na kuishia kwa fundo la kufyatua. Usitumie mshikio wa ndoo, utang'oka. Kamba ya kuvutia ifunge kwenye MADUMU, si kwenye ndoo, ipite tezi, yaani nyuma ya boti, iwe na urefu wa mita nne hivi. Hapo ndoo ikizama, hakuna uzi hata mmoja unaoiunganisha na boti wala na mguu wa mtu.

Mkifika, vuta fundo. Kamba inachomoka kitanzini, ndoo inakwenda chini, madumu yanabaki juu, mnarudi kuchukua ya pili. Moja moja. Fundo likiwa limekaza kwa maji, likateni kwa kisu, mkiwa mmekaa, majaketi yamevaliwa na kufungwa. Mwenye kasia ashughulike na kasia tu.

Mianzi itoboe kila pingili kabla ya kwenda. Kila pingili ni chupa iliyozibwa, na ikibaki na hewa, inanyanyua na kulegeza ndoo ikiwa chini. Sisi tuliisahau hata hiyo.

Uliuliza pia kina kinachofaa, na kama matawi mabichi ni bora kuliko mianzi, na wakati gani wa mwaka. Wapo humu wanaoyajua vizuri kuliko mimi. Nitakachosema ni kwamba uombe ruhusa kwa wanaosimamia hilo ziwa, na ncha za juu za mianzi zibaki chini sana kuliko pangaboi za boti zinazopita.

Umesema ndoo mbili umeshazimwaga zege na zimekauka, kwa hiyo hazina kitanzi. Hazijaharibika. Pitisha kamba nene chini ya ndoo kwa msalaba, kama unavyofunga kifurushi, ikutane juu karibu na mianzi, uifungie hapo kitanzi. Ya tatu usiimwage kwanza mpaka kitanzi kiwe ndani. Na usiku huu mwambie mdogo wako avue hayo magambuti uliyoyataja, Jumamosi aende peku au na viatu vyepesi.