Maswali na Majibu: Kuchapisha Utafiti wa Uzazi wa Mpango

Barua nyingi safari hii zimetoka kwa wauguzi, wakunga na wanafunzi wa shahada ya uzamili wanaotaka kutoa makala za kitaaluma juu ya uzazi wa mpango na afya ya uzazi. Tumejibu zile zinazogusa makosa yanayojirudia kwenye miswada mingi.

Habari za kazi, wahariri. Tasnifu yangu ilihusu wanawake wanaotoa vijiti (vya kuzuia mimba, vinavyowekwa chini ya ngozi ya mkono) kabla ya muda. Niliwahoji 210 waliokuja kutoa kijiti hospitali ya wilaya. Majarida mawili yamenirudishia makala bila hata kuipeleka kwa wahakiki. Nimekosea wapi? (Muuguzi mkunga, Morogoro)

Ndugu mkunga, tatizo lilianza siku ulipochagua nani wa kuhojiwa. Wote 210 walikuwa wamekwisha kuamua kutoa. Mwanamke aliyewekewa kijiti siku moja nao na bado anacho hukumkuta. Kwa hiyo data yako haiwezi kusema ni wangapi hutoa mapema, wala nini kinamtofautisha anayetoa na anayeendelea nacho. Mhariri akisoma kichwa kinachoahidi "kiwango na visababishi", kisha kwenye mbinu asione idadi ya waliowekewa, anafunga faili. Wanawake 90 waliotoa ndani ya mwaka ni wengi mno ikiwa waliowekewa walikuwa 150, na ni wachache ikiwa walikuwa 1,500.

Unaweza kuokoa kazi kwa kupunguza dai. Ifanye makala ya sababu zinazotajwa na wanawake wanaokuja kutoa, badilisha kichwa, ondoa jedwali la visababishi, na uonyeshe kila mmoja alikaa na kijiti miezi mingapi. Tenganisha aina za vijiti pia. Jadelle imeidhinishwa kwa miaka 5, ilhali vituo vingi vimekuwa vikihesabia Implanon NXT miaka 3. Aliyetoa mwezi wa 38 ametoa mapema kama alikuwa na Jadelle, lakini kwa hesabu ya kituo amemaliza muda kama alikuwa na Implanon. Kuwaweka safu moja kunaharibu jedwali zima.

Njia nyingine ina kazi zaidi, na ndiyo tunayokushauri kama muda unaruhusu. Rudi kwenye rejesta ya uzazi wa mpango, chukua wote waliowekewa kati ya Januari na Desemba ya mwaka mmoja, uwafuatilie mpaka watoe, wapotee, au kipindi cha utafiti kiishe. Uchambuzi wa Kaplan-Meier (njia ya takwimu ya kupima muda hadi tukio litokee) utamhesabu kila mwanamke kwa miezi aliyoonekana tu. Watakaokusumbua ni waliopotea: wengi hutolea kijiti kituo kingine, na rejesta yako itaonyesha kana kwamba bado wanacho. Weka simu au ziara ya nyumbani kwenye itifaki (mpango rasmi wa utafiti). Na uombe kibali kipya cha maadili kabla ya kuifungua rejesta, maana kile cha tasnifu hakikukuruhusu kusoma kumbukumbu za watu ambao hukuwahoji.

Natumia data ya utafiti wa taifa wa idadi ya watu na afya wa Kenya, KDHS 2022. Asilimia zangu za matumizi ya njia za kisasa hazilingani na zile za ripoti. Msimamizi anasema nimekosea, lakini programu haionyeshi kosa lolote. (Mwanafunzi, Mombasa)

Programu haitaonyesha kosa, kwa sababu kila ulichoiagiza imekifanya. Angalia mambo matatu, kwa mpangilio huu.

Kwanza uzito wa sampuli, yaani namba inayorekebisha nafasi ya kila mhojiwa ili sampuli iwakilishe taifa. Safu ya v005 huhifadhiwa bila nukta ya desimali, hivyo igawe kwa 1,000,000 kabla ya kuitumia. Bila uzito, kaunti ndogo zilizochukuliwa watu wengi kuliko sehemu yake ya idadi ya taifa zitavuta wastani wote. Uzito peke yake hautoshi: programu iambiwe pia mafungu ya sampuli (v021, maeneo yaliyochaguliwa kwanza) na matabaka (makundi ambamo maeneo hayo yalichaguliwa), la sivyo mipaka yako ya uhakika (confidence interval) itakuwa finyu kuliko ukweli.

Pili, unagawanya kwa nani? Asilimia 57 inayotajwa sana kwa Kenya ni ya wanawake walio kwenye ndoa au wanaoishi na mwenzi, miaka 15 hadi 49. Asilimia 63 ni ya kundi hilohilo kwa njia yoyote, za asili zikiwemo. Ukichukua wanawake wote, wakiwemo wasichana ambao hawajaanza kujamiiana, utapata namba nyingine kabisa, nayo ni sahihi kwa swali lake. Kinachotuumiza ni makala inayolinganisha namba ya wanawake wote wa Kenya na ya walioolewa wa Tanzania (TDHS 2022, utafiti kama huo wa Tanzania: asilimia 31 kwa njia za kisasa), kisha ikaandika aya mbili kueleza tofauti ambayo sehemu yake imetokana na kugawanya kwa makundi mawili tofauti.

Tatu, wajawazito. Wanafunzi wengi huwaondoa kwa hoja kwamba mjamzito hahitaji njia. Ripoti huwabakiza, na ndiyo maana asilimia yako ikapanda. Kwenye mahitaji yasiyotimizwa (v626a), yaani wanaotaka kuchelewesha au kuacha kuzaa lakini hawatumii njia, hali ni nzito zaidi: mjamzito ambaye hakuitaka mimba, au aliitaka baadaye, anahesabiwa kuwa na hitaji lisilotimizwa. Ukimtoa, umetoa sehemu ya kile unachokipima.

Ukifika kwenye rigresheni (hesabu ya kupima uhusiano wa mambo), kumbuka kwamba matumizi ya njia si jambo adimu. Kundi moja likitumia kwa asilimia 60 na lingine kwa asilimia 40, la kwanza linatumia mara 1.5 ya la pili. Rigresheni ya lojistiki itakupa uwiano wa odi (odi ni wanaotumia kugawanya kwa wasiotumia) wa 2.25, na wengi huandika "mara 2.25 zaidi". Hilo ni kosa la maana, na wahakiki wa fani hii hulikamata haraka. Tumia rigresheni ya Poisson yenye makosa sanifu imara, upate uwiano wa asilimia zenyewe.

Nina cheti cha maadili cha NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, Tanzania). Mwenzangu anasema lazima niombe ruhusa nyingine ya kuchapisha. Ni kweli? (Mhadhiri msaidizi, Dodoma)

Ni kweli. Soma masharti kwenye cheti chako: kuchapisha matokeo kunahitaji ruhusa ya NIMR, na taarifa ya maendeleo hutakiwa kila miezi sita. Ombi liambatane na mswada, nalo litangulie kabla ya kuupeleka jaridani. Angalia na tarehe ya mwisho ya cheti. Kama ulikusanya data baada ya tarehe hiyo bila kuongezewa muda, lieleze jambo hilo kwa kamati yako ya maadili sasa, kabla mhariri hajaliuliza.

Kwa wenzetu wa Kenya, leseni ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu) haichukui nafasi ya kibali cha kamati ya maadili. Vyote viwili vinatakiwa, na ripoti ya mwisho huwasilishwa NACOSTI ndani ya mwaka mmoja baada ya utafiti kukamilika. Kwenye mswada taja jina la kamati na namba ya kibali. Ikiwa una washiriki wa miaka 15 hadi 17, andika ni nani aliyetoa ridhaa, na kama kamati iliondoa sharti la ridhaa ya mzazi, liseme wazi. Majaribio ya tiba yana sharti la ziada: yasajiliwe, kwa mfano kwenye PACTR (rejista ya Afrika ya majaribio ya tiba), kabla ya mshiriki wa kwanza kuandikishwa. Usajili wa baadaye huyafanya majarida mengi makubwa yakatae.

Mhakiki amekataa sentensi yangu kwamba sindano ya Depo (ya kuzuia mimba) huongeza hatari ya VVU, ingawa kitakwimu uhusiano upo. Nimjibu vipi? (Mtafiti, Kisumu)

Mkubalie, uibadilishe sentensi. Utafiti wako uliwapima wanawake mara moja, na waliochagua sindano hawafanani na wengine: umri, idadi ya wenzi, na hasa matumizi ya kondomu vinaweza kutofautiana. Swali hili lilizungushwa miaka mingi na tafiti za kuchunguza tu, zikipishana majibu, mpaka lilipofanyiwa jaribio la ECHO, na mji wako ulikuwa mmoja wa vituo vyake 12.

ECHO iliandikisha wanawake 7,829 wa Eswatini, Kenya, Afrika Kusini na Zambia, ikawagawa kwa bahati nasibu katika makundi ya sindano ya Depo ya kwenye msuli, kitanzi cha shaba na kijiti cha levonorgestreli. Matokeo yalitoka kwenye Lancet Juni 2019: maambukizi 397 kwa jumla, 143 kwa sindano, 138 kwa kitanzi na 116 kwa kijiti, bila tofauti kubwa ya hatari. Jaribio lilipangwa liweze kuona ongezeko la asilimia 50. Halikuahidi kuona tofauti ndogo, na ukilinukuu sema hivyo. Agosti mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani liliondoa tahadhari kwa watumiaji wa sindano walio kwenye hatari kubwa ya VVU.

Andika kwamba "watumiaji wa sindano walikuwa na kiwango kikubwa zaidi", toa neno "huongeza", na uliweke jaribio hili kwenye mjadala. Tunasisitiza kwa sababu sentensi moja isiyo na msingi ikifika redioni, kuna mwanamke atakayeacha sindano bila kupata njia nyingine.

Nimewahoji wanawake waliowahi kutoa mimba, pamoja na wahudumu. Jarida linataka data yote iwekwe wazi. (Jina limehifadhiwa)

Usiweke manukuu kamili ya mahojiano wazi. Penye sheria kali, mtu anaweza kushtakiwa kwa maneno aliyokuamini nayo. Majarida mengi hukubali maelezo kwamba data ina siri za washiriki na kwamba maombi ya kuiona yapelekwe kwa kamati ya maadili. Weka wazi mwongozo wa mahojiano na orodha ya mada ulizochambua.

Pitia kila nukuu ukijiuliza kama mkazi wa wilaya ile angemtambua msemaji. "Mkunga, miaka 54, zahanati" inatosha kumtaja pale penye mkunga mmoja. Tumia "mhudumu, umri zaidi ya miaka 40", futa jina la wilaya, na uangalie hata misemo ya pekee ya mtu. Kwenye majedwali, unganisha visanduku vyenye watu chini ya 5.

Nipeleke jarida gani, na ada nitaitoa wapi? (Daktari, Arusha)

Tazama orodha ya marejeo yako: jarida unalolinukuu zaidi ndilo lenye wasomaji wako. Studies in Family Planning na Contraception hukuruhusu kuchapisha bila ada ukikubali makala isomwe na wanaolipia jarida tu. Reproductive Health ni la wazi (husomwa na wote bure) na humtoza mwandishi ada. Kwa mada ya nchini, Tanzania Journal of Health Research linafaa, na African Journal of Reproductive Health la Nigeria linasomwa kote barani.

Msamaha wa ada uombe siku ileile unayopeleka mswada. Wachapishaji wengi hawapokei ombi makala ikishakubaliwa. Barua pepe inayoahidi kuchapisha ndani ya siku 5 iache. Kabla ya kulipa popote, litafute jarida kwenye DOAJ (orodha ya majarida ya wazi yaliyokaguliwa) ukitumia namba yake ya utambulisho, ISSN, kwa sababu matapeli huiga majina ya majarida halali, na kuitoa makala mikononi mwao ukishasaini ni kazi ngumu kuliko kuiandika upya.