Maswali yenu kuhusu Tuzo za Taifa za Filamu India

Ni kweli Shah Rukh Khan hakuwahi kupata tuzo hii? (Msomaji, Tanga)

Ilikuwa kweli hadi 2025. Alianza sinema mwaka 1992, lakini Tuzo yake ya Taifa ya kwanza, ya mwigizaji bora wa kiume, ilitangazwa Agosti 1, 2025, kwa filamu ya Jawan. Hata hiyo aligawana na Vikrant Massey wa 12th Fail, iliyoshinda pia filamu bora. Sisi mashabiki wake tunaamini alistahili mapema zaidi, kwa Swades ya 2004. Mwaka ule tuzo ilikwenda kwa Saif Ali Khan wa Hum Tum, na wengine donge halijatushuka hadi leo. Tena mwongozaji wa Swades, Ashutosh Gowariker, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa majaji safari hii! Nimefurahi mno, ila Swades inabaki kazi kubwa kuliko Jawan.

Mbona filamu za 2023 zinapewa tuzo 2025? (Msomaji, Mombasa)

Zinashindanishwa filamu zilizopitishwa na bodi ya ukaguzi mwaka husika. Tangu Korona ratiba imerudi nyuma.

Zina tofauti gani na Filmfare? (Msomaji, Unguja)

Kubwa sana. Filmfare ni za jarida, na zile tunazozifuatilia huku ni za sinema ya Kihindi. Hizi ni za serikali: Septemba 23, 2025 Rais Droupadi Murmu alizikabidhi mwenyewe, ukumbi wa Vigyan Bhawan, New Delhi. Na zinahusu lugha zote. Kimalayalam, Kitamil, Kimarathi, kila moja ina filamu yake bora. Zilipoanza 1954, filamu bora ya kwanza ilikuwa Shyamchi Aai, ya Kimarathi. Safari hii toleo jipya la hadithi hiyohiyo limekuwa filamu bora ya Kimarathi. Huku kwetu tumelelewa na filamu za Kihindi tu, na tumekosa mengi. Anzeni na Ullozhukku, ya Kimalayalam: mama mkwe na mkwewe wamezingirwa na mafuriko, maiti iko ndani, na siri zinaanza kutoka.

Rani Mukerji je? (Msomaji, Dodoma)

Alistahili tuzo yake ya mwigizaji bora wa kike. Katika Mrs Chatterjee vs Norway ni mama aliyenyang'anywa wanawe na serikali ya Norway. Siku ya kukabidhiwa alivaa mkufu wenye jina la binti yake, Adira.

Kelele za The Kerala Story zilitoka wapi? (Msomaji, Nairobi)

Filamu hiyo inadai wanawake wa Kerala, jimbo la kusini mwa India, walisilimishwa na kuingizwa kundi la IS. Mwongozaji wake, Sudipto Sen, alipopewa tuzo ya mwongozaji bora, Waziri Mkuu wa jimbo la Kerala, Pinarayi Vijayan, alipinga hadharani, akisema filamu hiyo inalichafua jimbo na kupanda chuki za kidini. Namuunga mkono. Tuzo inayotolewa kwa jina la taifa zima haifai kubariki filamu inayowatia doa raia wa dini moja.

Mohanlal ni nani? (Msomaji, Tabora)

Nguli wa sinema ya Kimalayalam, mwenye filamu zaidi ya 300. Katika sherehe hiyohiyo ya Septemba 23 alipewa tuzo ya Dadasaheb Phalke, heshima ya juu kabisa ya sinema India.