Shukuru rejareja, si kwa jumla

Jumatatu iliyopita nilipanda daladala peke yangu, bila magongo, kutoka Mbagala Rangi Tatu. Konda akagonga bodi, "Twende!", wala hajui ameshuhudia nini. Nilipoweka picha ya miguu yangu miwili pale kwenye siti, msomaji wangu mmoja akaniandikia: "Hongera shosti, ila mimi mwezi wa tatu huu nipo kitandani, kila mtu ananiambia nishukuru. Nishukuru nini?"

Mdogo wangu, umenigusa penyewe.

Kwa wageni: mimi ni msusi. Mwaka jana bodaboda niliyopanda iligongana na bajaji, muundi ukavunjika sehemu mbili, nikawekewa vyuma. Watu hudhani msusi anatumia mikono tu. Siku ya rasta unasimama kwa saa saba, mguu ndio mtaji. Miezi minne ya mwanzo siielezi, ilikuwa bati na mijusi tu.

Kila aliyekuja aliuliza, "Unaendeleaje?" Nami: "Namshukuru Mungu." Nililitamka hilo mchana kutwa, na usiku nalia nimeng'ata shuka. Lilikuwa pazia lile, unalivuta watu wasione ndani.

Mama alikuwa na kaunta buku la michango ya operesheni. Siku moja kaenda sokoni, nikalivuta. Niseme ukweli: sikulifungua kuona nani katoa. Nilikuwa natafuta jina moja. Rafiki yangu, ambaye kicheni pati yake mimi nilikuwa mweka hazina, na siku ya harusi nikamsuka bure yeye na wapambe wake watano. Nikapekua kurasa zote mara mbili. Hayupo. Hata mia mbili. Shukrani ya punda ni mateke, nikasema kwa sauti, chumbani peke yangu.

Mara ya tatu ndipo nikawaona waliokuwepo. Mwandiko wa mama ni mkubwa na unapanda mlima: "Baba mwenye nyumba, kodi mwezi mmoja kasamehe. Muuza genge, nyanya na vitunguu. Jirani wa maandazi, uji, siku 19." Siku 19! Na mimi uji ule nilikuwa naulalamikia sukari. Mgonjwa haulizwi uji, na kweli yule mama hakuwahi kuniuliza, aliuleta tu alfajiri kabla hajaanza kukaanga.

Nikaligeuza daftari nyuma, nikaanza kuandika: mtu, kitu, saa. Si "nashukuru kwa uhai", hiyo ni kubwa mno, haishikiki. Andika: "Leo saa nne mtaalamu wa mazoezi kanikunja goti mpaka nikaona nyota, nikapiga kelele, hakunicheka." Mtu, kitu, saa.

Baadaye nikaja kusoma kwamba Wamarekani wawili, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti mwaka 2003. Walioandika kila wiki mambo wanayoyashukuru, kwa wiki kumi, waliyaona maisha yao ni mazuri kuliko walioandika kero, na hata mazoezi walifanya zaidi. Kundi jingine lilikuwa la watu wenye maradhi ya neva na misuli, wao waliandika kila siku kwa siku 21, na usingizi wao ukaongezeka. Hapo nikaamini, maana usingizi ndio ulionirudia wa kwanza. Mguu haukupona kwa daftari, tusidanganyane. Ulipona kwa vyuma, kliniki na yale mazoezi ya machozi. Ila asubuhi ambazo sikutaka kwenda kliniki, daftari ndilo lililonivalisha viatu.

Sasa nisikilizeni, maana najua mnaonisoma mnataka kusimama tena kama mimi. Acheni kushukuru kwa jumla. Shukuru rejareja. Chukua simu sasa hivi, mpigie mtu, mtajie alichokufanyia na siku yake. Jirani wa maandazi nilipomwambia zilikuwa siku 19 akabaki kanishika mkono, yeye hakuwa anahesabu. Mtu, kitu, saa, narudia. Na usijilazimishe kumshukuru aliyekuumiza eti kakufundisha. Yule rafiki sijamsamehe, nasema wazi. Januari alinitumia meseji kuuliza bei ya kusuka. Nikamtajia bei kamili.

Ukurasa wa kwanza bado una pengo. Siku ya ajali, pale Mtoni Mtongani, mama mmoja alivua kanga begani akanifunga mguu, na nikapakiwa bila kumjua jina. Kanga imeandikwa "Japo sipati tamaa sikati". Nimeifua kwa chumvi, doa moja limegoma. Ndiyo safari yangu ya Jumatatu ile: nilishuka na kanga mfukoni, nikawauliza wauza mihogo. Mmoja akaiangalia sana, akasema kuna mama wa viazi huja Alhamisi.

Alhamisi narudi.