Livae kwanza, ndipo ulipige picha

Vijana wabunifu wa hapa Mwanza hunionyesha kazi zao kwenye simu: gauni la nyavu, koti la mabaki ya vitenge, kofia ya ukili. Nyingi ni nzuri mno. Nami huuliza lilelile: aliyelivaa vazi hili alikaa nalo muda gani? Mara nyingi ni dakika chache tu za kupigwa picha kwenye mawe ya Capri Point.

Mimi nashona na kutia batiki, na hili nalisisitiza kwa moyo wote: vazi la sanaa ni vazi kwanza. Msanii El Anatsui wa Ghana huunganisha vizibo vya chupa kwa nyaya za shaba, ukiviona utadhani nguo za kifalme, lakini kazi zake hutundikwa ukutani, na ukuta hautoki jasho. Jirani yetu, msanii Acaye Kerunen wa Uganda, aliyekuwemo kwenye banda la kwanza la nchi yake katika maonyesho ya sanaa ya Venice Biennale, Italia, mwaka 2022, hutumia rafia na nyuzi za mgomba. Waige ujasiri. Ila ukishaamua kazi yako ivaliwe, jua kuna mwili ndani yake.

Tuanze na nyavu, maana ziko tele huku na zikichakaa huishia kuzungushiwa bustani za mchicha. Nenda Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, uongee na wenye nyavu. Usichukue wavu kwa kuwa tu umeukuta umeanikwa. Ukishapewa, uloweke usiku kucha kwenye sabuni ya unga, usuuze kwa maji ya ndimu, uanike kivulini. Jua hudhoofisha nailoni, na wavu mzee umeshapigwa jua la kutosha. Vuta uzi mmoja kwa nguvu: ukikatika kirahisi, wavu huo ni wa pambo, usiubebeshe bega wala kiuno.

Cherehani nayo haielewani na wavu. Meno yanadaka matundu, uzi wa chini unajisokota, sindano inavunjika. Tandika karatasi nyembamba chini ya wavu, shona kwa mshono mrefu kidogo, kisha ichane karatasi polepole ukifuata mshono. Weka bitana ya pamba popote wavu unapogusa kwapa au shingo, la sivyo mvaaji atajikuna hadi jioni.

Nguo za mtumba za soko la Mlango Mmoja nyingi zimeshakatwa lebo. Chomoa uzi, uwashe kwa kiberiti juu ya beseni la maji. Pamba huungua kama karatasi na kuacha jivu laini. Polista huyeyuka na kuacha kidonge kigumu. Rangi za batiki hushika pamba, polista itakurudishia rangi yote kwenye beseni. Inaniuma kwamba tuko Kanda ya Ziwa, watafiti wa mbegu za pamba wako hapo Ukiriguru, na bado nazunguka maduka ya Makoroboi kutafuta kitambaa cha pamba tupu.

Kwenye batiki, nta ndiyo huzuia rangi isiingie usipotaka: ya nyuki changanya na parafini. Parafini tupu hupasuka na kuingiza mistari ya rangi. Mistari hiyo inaweza kupendeza, lakini iwe umeitaka mwenyewe. Ukishika kostiki soda ya kuchanganyia rangi vaa glavu, na maji ya rangi yasimwagwe ziwani, tafadhali sana.

Vazi likiisha, livae mchana kutwa. Panda daladala ya Buhongwa usimame, ushike bomba. Kaa kwenye benchi la mama ntilie, inama unawe. Jioni ligeuze ndani nje ukague kwanza mishono ya kwapani na ya makalio. Palipoachia, pita mara mbili. Kisha lifue kwa mkono, kwa sabuni ileile atakayotumia mnunuzi. Kama maji ya kusuuza bado yana rangi, usiliuze. Yakitoka meupe, andika maelekezo ya kufua kwenye kipande cha utepe kwa wino usiofutika, ukishone ndani ya shingo.