Alipwe kwanza nani? Linda mtaji kabla ya kumlipa yeyote

Mhariri, mmeuliza wiki hii: hela ikipungua na madeni ya nyumbani yakazidi, tuanze kulipa lipi? Dawa ya deni kulipa, hilo tunalijua. Lakini mwenye elfu hamsini mkononi na madeni ya laki tatu lazima achague nani anapewa leo na nani anaombwa subira.

Mimi ni mhazini wa kikoba huku Mbagala, na ninachowaambia wenzangu ni kwamba mtaji usiguswe. Mama wa maandazi akichukua hela ya unga na mafuta akampa afisa mikopo, kesho hana cha kukaanga, na wiki ijayo hana rejesho. Deni lilipwe na faida. Wengi wanakula mtaji kwa aibu tu, kwa kuwa afisa kakaa mlangoni na majirani wanachungulia. Mwache akae.

Mtaji ukiwa salama, inafuata kodi ya chumba, halafu deni linaloongezeka kila siku, kama Songesha, ule mkopo wa M-Pesa. Hilo linajikata lenyewe hela ikiingia kwenye simu, hata kama ilikuwa ya dawa ya mtoto. Kwa hiyo ndugu akitaka kukusaidia kodi, mwombe amtumie mwenye nyumba moja kwa moja.

Kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa, ndiyo inayoniumiza roho. Watu wanalipa adhabu juu ya adhabu bila kuuliza kitu. Benki Kuu imeweka ukomo wa riba kwa wakopeshaji wadogo kuwa asilimia 3.5 kwa mwezi, yaani laki moja haipaswi kuzaa zaidi ya shilingi 3,500 kwa mwezi. Novemba 2024 ikatangaza majina ya programu 69 za simu zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Ulichokopa utakirudisha, ni haki ya mtu. Ila kabla ya kutoa hela ya adhabu, omba uone leseni na mkataba, piga hesabu, na ukikuta umezidishiwa peleka malalamiko.

Deni la dukani kwa Mangi wengi wanaliacha la mwisho kwa sababu ni dogo na halina riba. Mimi nalipandisha juu. Fungua lile daftari lake uone: sukari robo, sabuni kipande, mafuta ya kupima, unga nusu. Ndicho watoto walichokula mlipokuwa hamna kitu. Ukidaiwa elfu kumi na nne, mpelekee elfu mbili, akate mbele yako, mwambie nyingine utaleta lini. Atakukopesha tena. Anayepita uchochoro wa nyuma kumkwepa ndiye anayekuta jina lake limefungwa, na siku hiyo ndipo anapokimbilia kausha damu kwa ajili ya kilo ya unga.

Jambo la mwisho ni la mume na mke. Mwanachama akija kuomba kuongezewa muda, huwa namuuliza kwanza kama mwenzake anayajua madeni yote. Mara nyingi hajui, na yeye ana yake kayaficha. Basi nawarudisha nyumbani wakayaandike yote kwenye karatasi moja, la Mangi na la simu yakiwemo, ndipo waje tupange rejesho.