Muulize Fundi wa Mikoba: "Hali nzuri sana" ya muuzaji

SWALI: Shikamoo Bi Fundi. Nimempata mtu anauza Louis Vuitton Speedy ya mtumba. Anasema hali yake ni nzuri sana, umetumika kidogo tu. Amenitumia picha tatu, zote za mbele, mkoba unameremeta. Ila mishikio imekolea kama asali, na shoga yangu anasema hiyo ni dalili umechoka. Niuache?

JIBU: Marahaba mwanangu. Rangi ya asali isikutishe. Mishikio ya Speedy nyingi, kama hiyo yako, ni ngozi isiyotiwa rangi. Ikiwa mpya imepauka kama maziwa, halafu jua na mafuta ya mikono huikoleza. Mimi ningeshtuka zaidi kama mkoba ni wa siku nyingi na mishikio bado myeupe, maana hapo imebadilishwa au imesuguliwa. Wewe tazama kama imekolea sawasawa. Weusi unaong'aa pale panaposhikwa ni jasho la miaka, na vile viduara ni matone ya maji. Vyote viwili havitoki, hata ukiniletea mimi.

Sasa mwili wenyewe. Wengi hudhani ni ngozi, kumbe ni turubai lililopakwa plastiki. Ngozi ikikauka nitailainisha, uzi ukikatika nitaushona upya, zipu nitabadilisha. Turubai hilo likipasuka, sina dawa. Ufa huanza mwembamba kama unywele, chini ya vipande vya ngozi vinavyobeba mishikio na kwenye ncha za zipu. Omba picha za hapo, zipigwe karibu, mchana, dirishani. Omba na za kona za chini, ule ukanda wa ngozi unaozunguka ubavuni: ndio unaosugua meza na sakafu, ndio unaolika kwanza. Ukiona rangi mbichi imepanda mpaka juu ya uzi, ujue kuna mtu amepitisha brashi.

Ndani je? Hapo ndipo nilipolizwa mimi, na ufundi wangu wote. Nilinunua mkoba wa kampuni nyingine, nje hauna hata mkwaruzo. Nikatia mkono mfukoni, ukatoka na unga mweusi unaonata, umeganda mpaka kwenye kucha. Bitana ya plastiki huoza kwa unyevu wa hewa, hata mkoba ukikaa kabatini bila kubebwa. Kwa hiyo "umetumika kidogo" haikunisaidia kitu. Bitana ya Speedy ya kawaida ni kitambaa, haibanduki hivyo. Tatizo lake ni madoa ya wino na poda. Mwambie augeuze nje-ndani kadiri unavyogeuka.

Harufu haipigwi picha. Muulize ulihifadhiwa wapi na kama nyumbani kuna mvuta sigara. Ukungu ukishaingia kwenye kitambaa, unaupeperusha juani leo, wiki ijayo umerudi.

Nambari iliyopigwa ndani, ambayo kampuni iliiacha 2021 ikaweka chipu, inakuonyesha ulitengenezwa wapi na lini tu. Usiitegemee kwa hali ya mkoba, wala kwa uhalisi. Waigaji nao wanajua kupiga nambari.

Akikujibu kwamba kamera yake mbovu, muulize zile picha tatu alizipigia nini.