Shangazi Apande Jukwaani Mwenyewe

SWALI: Ndugu Mhariri, ninasomea sanaa za maonyesho, na ninaandika tamthilia ya nyimbo kuhusu maisha ya shangazi yangu, ambaye sasa amepita umri wa miaka sabini. Katika miaka ya 1980 alikuwa msanii wa kikundi cha maonyesho jijini Dar es Salaam. Usiku mmoja alicheza sindimba, akaingia katika maigizo, kisha akabadilisha nguo na kuimba taarab. Wenzangu wanashauri nafasi yake apewe binti aliyepakwa mvi, kwa kuwa mzee hatamudu saa mbili za jukwaa. Je, niwasikilize? Na nyimbo alizoziimba zamani ninaruhusiwa kuzitumia? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Ndugu msomaji, wenzako wana nia njema, lakini usiwasikilize. Binti aliyepakwa mvi ataigiza uzee, ilhali watazamaji wako watakuwa wametoka majumbani mwao ili wamwone mtu ambaye kazi ya jukwaa imetumia ujana wake wote na bado anaipenda.

Wapo waliolitatua tatizo lako kabla yako. Mwaka 1971, jijini New York, ilifunguliwa tamthilia ya muziki iitwayo Follies, ambayo nyimbo zake zilitungwa na Stephen Sondheim na hadithi yake ikaandikwa na James Goldman. Inasimulia usiku mmoja ambao wasanii wa kike wa zamani wanakutana katika ukumbi waliowahi kucheza, ukiwa karibu kubomolewa, na vivuli vya ujana wao vinatembea kati yao bila wao kuviona. Katika wimbo mmoja akina mama hao wanajaribu kukumbuka mchezo wao wa zamani, huku nyuma yao wasichana waliovalia mavazi yanayometameta wakicheza hatua zilezile, kama picha ndani ya kioo. Hapo hakuna aliyelazimika kupakwa mvi wala kuufuta uzee wake. Miongoni mwa waigizaji alikuwemo Ethel Shutta, mwenye umri wa miaka 74, ambaye mwaka 1928 alikuwa amecheza katika tamthilia ya Whoopee!, na katika Follies alipewa wimbo wa msichana anayetafuta kazi ya jukwaani. Maneno ni ya binti, sauti ni ya bibi, na katika pengo hilo mtazamaji anaiona miaka yote iliyopita bila kuhadithiwa.

Fanya hivyo na shangazi yako. Asibebe saa mbili peke yake. Mpe nyimbo tatu au nne, na sehemu zinazohitaji pumzi mwachie binti anayeigiza ujana wake. Katika sindimba, shangazi afunge kibwebwe mwenyewe, mbele ya watu, polepole, aanze kuzungusha kiuno hadi pale mwili utakapokataa, na papo hapo binti aliye nyuma yake aidake hatua hiyo na kuimaliza, huku shangazi akiendelea kwa bega na kwa kiganja tu. Ngoma zisisimame. Naamini dakika hiyo itasema zaidi ya kurasa kumi za mazungumzo.

Muundo pia unao tayari. Vikundi kama Muungano na DDC Kibisa, na baadaye TOT (Tanzania One Theatre) iliyoanzishwa mwaka 1992, vilipanga onyesho moja lenye ngoma, sarakasi, vichekesho, mazingaombwe, maigizo na taarab, tena mara nyingi katika kumbi za baa, ambako msanii alipaswa kumshinda mlevi wa meza ya mbele kabla hajaimba ubeti wa pili. Acha maisha yake yafuate ratiba hiyo: utoto katika ngoma, ndoa katika kichekesho, msiba katika maigizo, na taarab mwishoni, watu wakiinuka kumtuza. Usikwepe kuonyesha jinsi taarab ilivyozidi kupendwa katika miaka ya 1990 hadi ikavifunika vipengele vingine, kwa sababu msanii aliyejifunza yote aliambiwa ghafla kwamba moja linatosha. Katika vikundi hivyo, hilo ni jeraha ambalo halijaandikwa vya kutosha.

Kuhusu muziki, kinanda, gitaa la besi na ngoma mbili vinatosha. Usiige gharama za Follies: ilipata tuzo 7 za Tony, ambazo ni tuzo za tamthilia za Broadway huko New York, na kuonyeshwa mara 522, lakini waliotoa fedha hawakuzipata tena, kwa kuwa mavazi na mandhari viligharimu mno.

Ama nyimbo za zamani, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Kuimba wimbo hakukumfanya shangazi kuwa mmiliki wake, kwa hiyo mwulize nani alitunga kila mmoja, umtafute mtunzi au warithi wake, kisha uulize COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, kuhusu taratibu za kibali kabla ya mazoezi kuanza. Na mkataba wa shangazi mwenyewe, wenye malipo yaliyotajwa kwa tarakimu, utiwe saini siku hiyohiyo.